Redio ya android kwenye IST inajizima na kuwaka yenyewe, fundi ananiambia betri, betri nimebadilisha bado

MtuWaGoba
Wakuu habari za jumapili, naombeni msaada kabla sijaichomoa hii redio nikaiuza kwa bei ya bamia. Nina Toyota IST ya 2003, mwezi wa tatu niliamua kutoa redio yake ya Kijapani, ile ya CD ambayo FM yake inaishia 90, na kulikuwa na kile kiboksi cha kupandishia masafa ambacho nacho kilikuwa kinashika stesheni kinapojisikia. Nikaweka ya android inchi 7 pamoja na kamera ya rivasi, fundi akafunga ndani ya saa moja na nusu tukamalizana.

Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme. Baada ya hapo ikaanza vituko. Nikipita kwenye matuta au hii njia yetu ya vumbi inazima, inakaa sekunde kadhaa inarudi yenyewe, ila ikirudi inaanza upya kabisa, inaleta ile nembo ya kuwakia halafu saa imerudi nyuma na stesheni nilizosevu hazipo. Kuna siku inapiga kutoka Goba mpaka Posta haijakata hata mara moja, kuna siku inakata mara kumi kabla sijafika Mbezi. Nikiongeza sauti ikapita 22 hivi na wimbo una besi nzito napo inazima. Halafu kuna mlio kwenye spika kama nzi mkubwa, wiiiii, nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Kamera nikiweka rivasi inaleta picha ila ina mistari inatembea.

Nimerudi kwa fundi mara tatu. Ya kwanza kabadilisha fyuzi, ya pili kasema redio ndo tabia yake, ya tatu kasema betri imechoka. Nikanunua betri mpya, laki na nusu hiyo imeondoka, na kutoka pale gereji sijafika hata kituo cha daladala ikazima. Na cha kuudhi ukimpelekea fundi haikati, inatulia kama mtoto aliyepelekwa hospitali. Nifanyeje?

Bwana_Mdogo
Redio za android za bei chee ndo zilivyo mzee, mimi yangu ilikuwa inajirestati kila nikipokea simu. Tafuta redio ya maana hata yuzdi ya Japani usahau hayo mambo.

kibabu cha Vitz
Betri mpya unaweza kuuziwa iliyokaa dukani miaka. Pima kwanza.

Wayaman_Tabata
Mkuu usiuze redio na usinunue kitu kingine chochote mpaka ujue umeme unapotelea wapi. Mimi hizi kazi nazifanya na nakwambia katika redio 10 zinazoletwa kwangu kuwa "zimekufa", redio mbovu kweli huwa moja au hakuna, zingine zote ni maungio.

Kwanza hiyo ya betri. Betri nzima ikiwa imetulia inasoma volti 12.6 hivi, gari likiwaka alteneta inatakiwa ipeleke kama 13.8 mpaka 14.4. Sasa wewe redio inazima gari likiwa linatembea, alteneta inachaji, betri inaingiaje hapo? Ingekuwa betri ungeona inazima unapopiga stata. Na hata hapo tuelewane, gari nyingi ukipiga stata umeme wa ACC (ule unaokuja ukizungusha funguo hatua ya kwanza) unakatwa kwa makusudi ili stata ipate nguvu yote, kwa hiyo kioo kuzima wakati wa kustati ni kawaida, watu wanahangaika na hilo bure.

Redio ina waya tatu za kuiweka hai. Njano ni umeme wa moja kwa moja wa kutunza saa na kumbukumbu, huo hata ukitoa funguo upo. Nyekundu ni wa ACC, huo ndo unaoiambia amka au lala. Nyeusi ni ethi, njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari. Sasa sikiliza unavyojieleza mwenyewe. Unasema ikirudi inaanzia kwenye nembo na saa imepotea. Ungekuwa unapoteza nyekundu peke yake, redio ingelala tu na kuamka palepale ilipoishia, saa ikiwa sawa. Kupoteza saa maana yake njano imekatika au ethi imekatika, moja kati ya hizo mbili. Na huo mlio unaopanda na mafuta, ukichanganya na mistari kwenye kamera, mimi macho yangu yote yapo kwenye ethi. Alteneta inatoa umeme wenye mawimbi madogo, ethi ikiwa nzuri huyasikii, ikiwa ya kubahatisha yanapita njia ya sauti na ya picha.

Kama una mita, weka kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri pale pale kwenye kichwa cha betri (unganisha waya mrefu upite dirishani), ncha nyekundu iguse bati la redio yenyewe, washa muziki kwa sauti kubwa. Inatakiwa isome karibu na sifuri, 0.1 au 0.2 basi. Ukiona inakaribia volti 1 au inazidi, umeshampata mwizi.

Kama huna mita fanya hivi, nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa hana hata testa. Tafuta bulbu mbili ndogo za parking, za wati 5, zisizidi hapo. Ya kwanza unga upande mmoja kwenye njano ya redio, upande wa pili kwenye chuma kitupu cha bodi, sehemu isiyo na rangi. Ya pili unga kwenye njano hiyo hiyo, ila upande wa pili uende kwenye waya mweusi wa redio. Zipitishe zitokeze nje ya dashibodi, mtu akae kiti cha abiria aziangalie (wewe endesha, usigeuze macho kwenye bulbu ukatupa gari mtaroni), mpite hiyo njia yenu ya vumbi. Redio ikizima bulbu zote zikazima, tatizo ni njano. Ikizima ya pili peke yake, ni ethi. Zote zikiendelea kuwaka na redio imezima, hapo rudi kwenye nyekundu, na kama nyekundu nayo ina umeme ndo uanze kuilaumu redio.

probox_wa_Thika
Wayaman ameongea kila kitu, mimi niongeze tu yangu ya Probox. Nilikuwa na shida karibu hiyo, redio inakufa, na ikikufa hata ile tundu ya kuwashia sigara inakufa, kwa hivyo simu haichaji. Hiyo ndiyo ilinisaidia kujua, kwa sababu kwa hizi Toyota mingi ACC ya redio na ya sigara zinatoka fyuzi moja. Nilikuwa nabadilisha fyuzi inakaa siku mbili inaungua tena, jamaa mmoja akanishauri niweke fyuzi kubwa, nikakataa, fyuzi ukiiweka kubwa waya ndio inageuka fyuzi na wewe uko ndani ya gari.

Kumbe ni hicho kiboksi cha masafa unachosema. Fundi alitoa redio ya zamani akaacha waya ya hicho kiboksi ikining'inia huko ndani, nyekundu yake bado imeungwa kwa ACC, mwisho wake uko uchi hata tepu hakuna. Gari ikiruka kwa shimo inagusa chuma, pap. Sasa angalia yako pia, kama kiboksi kilitolewa, waya zake zilienda wapi?

Na swali, spika zako zote nne zinaimba?

MtuWaGoba
Asanteni sana wakuu, sikutegemea kama ntajibiwa hivi. @probox tundu la sigara linafanya kazi muda wote hata redio ikiwa imezima, nimecheki leo. Kiboksi hakipo, fundi alikitoa akaondoka nacho sijui alikipeleka wapi. Spika, daah umenikumbusha, ya nyuma kushoto haiimbi. Fundi alisema spika imekufa nikakubali maana gari nimeinunua mkononi mwa mtu, sikujua kama kabla ilikuwa inaimba au la. Zingine tatu zipo poa.

Mita sina, ntafanya ya bulbu kesho nikitoka kazini, shemeji yenu atakaa kiti cha abiria.

mama_Noah
Samahani kaka zangu naingilia uzi, mimi Noah yangu tangu niwekewe redio ikilala siku tatu bila kuwashwa haiwaki, mpaka niombe boda waniboost. Na kioo kikiwa kimezima kuna kitaa chekundu kinabaki. Ni hiyo hiyo ethi?

Wayaman_Tabata
Dada yako ni nyingine. Huenda nyekundu na njano zimesokotwa pamoja zote zikawekwa kwenye umeme wa moja kwa moja, kwa hiyo redio yako hailali, kioo tu ndo kinazima. Mafundi wengine wanafanya hivyo wakishindwa kuipata ACC. Muone fundi mwenye mita, atoe kichwa cha hasi cha betri, aweke mita kati ya waya na betri kwenye tundu la ampia 10, funguo imetoka milango imefungwa, mngoje kama nusu saa gari lilale kabisa. Ikisoma chini ya ampia 0.05 ni kawaida. Ukikuta 0.3 au 0.5 chomoa fyuzi ya redio uone kama inashuka. Na mwambie asipige stata mita ikiwa imeungwa hapo, ataiunguza.

mama_Noah
Asante sana kaka, naenda kumbana mtu leo leo.

MtuWaGoba
Haya wakuu ripoti ya bulbu. Tumezunguka na mke wangu njia yote ya kule juu, nilikuwa naomba redio izime, sijawahi kuombea kitu changu kiharibike namna hii. Bulbu ya kwanza (njano na bodi) haijatikisika hata kidogo, imewaka muda wote. Ya pili ilikuwa inawaka ila hafifu, kama mshumaa hivi, na kwenye matuta inapepesa. Redio ilipozima ile ya pili ikazima kabisa, ya kwanza ikabaki inawaka. Imetokea mara nne, mara zote nne hivyo hivyo.

Kwa hiyo ni ethi? Ila nimetoa redio nikauangalia waya mweusi, umefungwa tepu vizuri kabisa, nimeuvuta hautoki. Umeungwa kwenye waya mweusi wa gari. Sasa hapo mbovu ni nini?

Wayaman_Tabata
Subiri subiri. Umesema mweusi wa redio umeungwa kwenye MWEUSI wa gari?

Fanya kitu kimoja. Washa redio iimbe, gari limesimama. Chomoa waya wa kamera kwa nyuma, angalia. Halafu chomoa antena, ile plagi nene ya duara. Niambie kinachotokea.

MtuWaGoba
Kamera nimechomoa inaendelea kuimba. Antena nimechomoa REDIO IMEZIMA PAP. Nikirudisha antena inawaka. Nimerudia mara tatu nikidhani naota, redio inazimwa na antena??

Wayaman_Tabata
Hahaha nilijua. Mkuu redio yako haijawahi kuwa na ethi tangu siku ya kwanza.

Sikiliza. Kwenye Toyota nyingi za Japani za umri wa hiyo yako, waya mweusi kwenye plagi ya redio SIO ethi. Ni chanya ya spika ya nyuma kushoto, na hasi yake ni wa njano. Ethi ya Toyota ni KAHAWIA. Umeme wa moja kwa moja ni bluu wenye mstari wa njano, ACC ni kijivu, kijani ni ule wa taa za dashibodi. Sasa redio za kununua zina rangi zao tofauti, nyeusi ndo ethi, njano ndo umeme. Fundi wako kakata zile plagi nyeupe za gari (nina hakika kakata, ungeniambia kuna adapta), akachukua testa akatafuta umeme. Testa inawaka kwenye bluu-njano na kwenye kijivu, hapo akapatia, maana testa inaonyesha wazi. Ila ethi hakuipima, akaona nyeusi na nyeusi akasokota. Redio ikawaka kwa sababu antena ilikuwa imeshachomekwa. Ule waya wa antena una nyuzi za chuma zinazouzunguka nje, na kule juu antena imefungwa na nati kwenye bodi, kwa hiyo umeme wote wa redio yako ulikuwa unarudi kupitia hizo nyuzi, na nyingine kidogo kupitia waya wa kamera. Ndo maana mistari, ndo maana ule mlio. Ukiongeza sauti redio inataka ampia nyingi, zile nyuzi haziwezi kuzipitisha, inazima. Ukipita tuta plagi ya antena inacheza, inazima. Kila kitu ulichotaja ni hicho kimoja.

Na spika yako haijafa.

Ila usiendelee kuiendesha hivyo, huo waya wa antena haukutengenezwa kubeba huo mzigo, unapata moto na unapita ndani ya nguzo ya gari kwenye vitambaa. Tafuta kahawia humo ndani, lazima upo umefungwa tepu peke yake haujaguswa. Usiuamini kwa rangi tu, toa ganda kidogo, chukua bulbu yako, upande mmoja kwenye kahawia upande wa pili kwenye bluu-njano, ikiwaka kwa nguvu ndo wenyewe. Kabla ya kuunga toa hasi ya betri. Na usisokote ukazungushia tepu, joto la Dar gundi ya ile tepu inayeyuka inakuwa kama lami baada ya miezi miwili. Chomelea kwa risasi ukavishe mpira wa kusinyaa kwa moto, au tumia zile bomba ndogo za kubana na koleo yake.

probox_wa_Thika
Wueh. Kwa hivyo alikuwa anaendesha redio na ethi ya antena miezi yote hiyo. Hii naihifadhi.

Bwana_Mdogo
Nafuta kauli yangu ya kununua redio nyingine 😂 naenda kuchomoa antena ya kwangu nione

kibabu cha Vitz
Vitz yangu ya 2001 rangi ni hizo hizo?

Wayaman_Tabata
Mara nyingi ndio mzee ila pima, gari zenye amplifaya ya kiwandani au navigesheni zinakuwa na plagi tofauti. Na gari ikishapita kwa mafundi watatu rangi hazina maana tena, nimeshakuta ethi imeungwa kwa waya wa simu ya mezani.

MtuWaGoba
Wakuu nimerudi, imechukua siku nne kwa sababu nilikuwa natafuta mtu mwenye pasi ya kuchomelea. Kahawia nimeukuta kama ulivyosema, umekunjwa umefungiwa tepu yake peke yake, safi kabisa kama ulivyotoka Japani. Nimepima na bulbu imewaka mpaka ikanipiga macho. Nimeunga nyeusi ya redio hapo. Nikauvua ule mweusi wa gari, nikautafuta na mwenzake wa njano kwenye plagi ya nyuma, nikaunga kwenye kijani na kijani chenye mstari mweusi za redio, maana karatasi iliyobandikwa juu ya redio inasema hizo ndo za nyuma kushoto. Spika imeimba. Mke wangu aliyekaa nyuma akashtuka maana hajawahi kusikia sauti ikitokea upande huo.

Nimechomoa antena redio inaendelea kuimba (mziki wa flash). Mlio umeisha kabisa, kamera haina mistari. Jirani yangu ana mita tukapima ile ya bati la redio na hasi ya betri, 0.04 kwenye sauti 25. Kabla sijafungua nilikuwa nimepima ile ya zamani, ilikuwa 1.7 inarukaruka. Nimepita matuta yote ya Goba kwa makusudi, mengine nimeyapita mara mbili.

Fundi nimempigia nikamweleza kwa upole, akasema kwani mweusi si ndo ethi.

Swali la mwisho sasa, kuna waya mmoja wa bluu wenye mstari mweupe kwenye redio haujaungwa popote, upo wazi mwisho wake. Nao ni ethi? Niuweke kwenye bodi?

Wayaman_Tabata
USIGUSISHE KWENYE BODI. Huo unatoa volti 12 redio ikiwaka, ni wa kuamsha amplifaya. Ukiugusisha kwenye chuma unaweza kuunguza njia yake ndani ya redio. Kata ncha, funika, uache ulale mpaka siku utakayonunua subwufa.

MtuWaGoba
Umeshafunikwa mkuu. Subwufa mke wangu kakataa.